Kupandisha diskasi wa rangi tofauti: vifaranga watatoka vipi

Jike mwekundu wa samaki diskasi, aina ya Pigeon Blood, amepatana na dume wa Red Turquoise, aina yenye mistari ya buluu; wamesafisha koni, kile kifaa cha kutagia kinachosimamishwa tangini, wametaga. Swali linalofuata kwa kila mfugaji ni lile lile: watoto watakuwa na rangi gani? Wengi hujibu kama mafundi wa kupaka rangi, kwamba nyekundu ukiitia buluu utapata kitu cha katikati. Diskasi hawaendi hivyo. Rangi ya samaki huyu ina matabaka, na kila tabaka linarithiwa kivyake: mwili wa chini wenye mikanda au usio na mikanda, mchoro wa juu wa mistari au madoa, weusi uliopo au uliokosekana, kisha wekundu na ubuluu wenyewe. Matabaka mengine unaweza kuyapigia hesabu kabla yai halijatagwa. Mengine hayapigiwi hesabu hata kidogo, na shida kubwa ya kazi hii ni kuyachanganya hayo mawili.

Anzia kwa samaki wa mtoni. Diskasi ni wa bonde la Amazon, ndugu wa mbali wa sato na perege wetu, na wa asili ana mikanda tisa ya wima. Wa kwanza unapita kwenye jicho, wa tisa uko kwenye shina la mkia. Wale wa Heckel, waliopewa jina la kisayansi mwaka 1840, wana mkanda wa tano mnene na mweusi kuliko mingine, na ukiwapandisha na diskasi wa kawaida mkanda huo huonekana kwa watoto, ingawa kwa unene uliopungua. Diskasi wa buluu, wa kahawia na wa kijani wanazaana bila taabu wakiwa tangini, na aina nyingi za dukani leo zina damu ya zaidi ya kundi moja. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye mfuko wa samaki ni jina la biashara. Halikuambii samaki amebeba nini ndani.

Mikanda ndiyo kitu cha kwanza kusoma, na kuna namna rahisi ya kuisoma kwa kifaranga wa sentimita 2.5 hivi. Mtoe kwa kikombe, si kwa wavu, umweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi lake, kina cha sentimita 3 au 4. Funika beseni kwa dakika moja, kisha fungua ghafla. Mshtuko wa mwanga unaipandisha mikanda kwa sekunde kadhaa. Anza kuhesabu kwenye jicho kuelekea mkiani. Ukipata tisa, huyo ana mwili wa asili. Ukipata 14 au zaidi, myembamba kama nywele, huyo ni Snakeskin. Usipoona mkanda wowote, na ngozi ikabaki ya njano au ya krimu, huyo ni Pigeon. Mrudishe mara moja, kwani maji machache kiasi hicho yanapoa upesi na diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30.

Pigeon Blood, yaani damu ya njiwa, alijitokeza Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiye aliyebadilisha biashara nzima ya diskasi. Jeni yake ni tawala: samaki hupata nakala moja ya jeni kwa kila mzazi, na nakala moja tu ya Pigeon inatosha kuifuta mikanda. Hapo hesabu inakuwa nyepesi. Pigeon mwenye nakala moja akipandishwa na samaki wa mikanda, nusu ya watoto watakuwa Pigeon na nusu watakuwa na mikanda tisa. Mwenye nakala mbili, watoto wote watakuwa Pigeon. Pigeon wawili wenye nakala moja moja watatoa watatu kwa mmoja, na huyo mmoja mwenye mikanda ndiye anayewafanya wanunuzi wadhani wameuziwa wazazi bandia. Hawakuuziwa bandia. Ni jeni ya kawaida ya babu na bibi iliyokuwa imefichwa na ile ya Pigeon.

Tatizo ni kwamba ukimtazama Pigeon kwa macho huwezi kujua kama ana nakala moja au mbili. Njia ya uhakika ni kumpandisha na samaki wa mikanda, kisha kuwatazama watoto. Akiwa na nakala moja, kila mtoto ana nafasi nusu ya kuzaliwa na mikanda. Watoto saba wakitoka bila mikanda hata mmoja, nafasi ya kuwa ni bahati tu ni 1 kwa 128. Wakiwa kumi, ni 1 kwa 1,024. Kwa hiyo vifaranga kumi waliokaguliwa vizuri kwenye beseni wanatosha, huna haja ya kulea mia.

Sasa turudi kwa jozi ya mwanzo, kwa sababu ndiyo jozi inayovunja watu moyo kuliko zote. Mfugaji anategemea watoto wekundu wenye mistari ya buluu inayong'aa. Anachopata, kama yule jike ana nakala moja, ni nusu ya watoto wa kahawia wenye mikanda, na nusu Pigeon waliojaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, hasa mkiani, mapezini na kichwani. Sababu ya vidoa ni hii: jeni ya Pigeon haiondoi weusi, inauzuia tu usijipange kuwa mikanda, hivyo unatawanyika. Pigeon safi unaowaona dukani wamesafishwa kwa kuchaguliwa vizazi vingi, na huo usafi umejengwa na jeni nyingi ndogo ndogo. Ukiwaunganisha na samaki wa mwili mweusi kama Turquoise au wa porini, unarudisha weusi wote ndani kwa mpigo mmoja. Hakuna chakula wala dawa ya kuutoa. Tangi jeupe au la buluu hafifu, lisilo na mchanga mweusi, linapunguza vidoa kuonekana, lakini watoto wa samaki huyo watavirithi kama kawaida. Anayetaka wekundu safi na ampandishe Pigeon mwekundu na Pigeon mwekundu. Red Melon na wenzake wamejengwa juu ya mwili wa Pigeon, nao ni wenzi wanaofaa.

Jozi hiyo ina mtego mwingine unaoharibu hesabu yenyewe. Vifaranga wa diskasi wanapoanza kuogelea, hula ute wa ngozi ya wazazi wao, na wanawatafuta wazazi kwa kufuata kitu cheusi. Diskasi wa kawaida hujitia weusi anapolea. Pigeon hawezi. Ndani ya tangi moja, vifaranga wote wanamwendea yule Turquoise, naye anachoka na kuanza kuwakwepa, au wanang'ang'ania chujio la sponji jeusi na hita hadi wanakufa njaa. Ukihesabu rangi za waliobaki, unahesabu mabaki ya ajali. Kabla hawajaanza kuogelea, toa sponji nyeusi uweke ya rangi hafifu au jiwe la hewa tupu, ficha hita au tumia ya kioo cheupe, punguza maji hadi sentimita 25 ili umbali wa kuwafikia wazazi upungue, na acha taa ndogo ikiwaka usiku. Wazazi wote wakiwa Pigeon, wafugaji wengi huhamisha mayai kwa jozi nyeusi iliyotaga siku hiyo hiyo. Ukifanya hivyo, toa mayai yote ya jozi mlezi kwanza. Yakibaki hata kumi, hutajua tena nani ni mtoto wa nani.

Snakeskin naye ni wa jeni tawala. Akiwa na nakala moja na akapandishwa na samaki wa mikanda tisa, nusu ya watoto watakuwa na mikanda 14 au zaidi. Uzuri wa hesabu unaonekana unapomkutanisha na Pigeon, kila mmoja akiwa na nakala moja. Vifaranga watagawanyika makundi manne, robo kwa robo: Pigeon mwenye mchoro wa kawaida, Snakeskin mwenye mikanda myembamba, samaki wa mikanda tisa, na yule aliyebeba vyote viwili. Huyu wa nne hana mikanda, kwa kuwa Pigeon ameifuta, lakini mchoro wake ni mwembamba na mwingi, na ndiye wanunuzi wanayemtafuta. Kwenye beseni hutamtofautisha na Pigeon wa kawaida. Subiri afike miezi mitatu au minne, mchoro unapoanza kujaa ubavuni, ndipo upembuzi unawezekana. Mtu anayeuza Pigeon wake wote wakiwa na wiki nane anawauza na hawa ndani kwa bei ile ile ya Pigeon wa kawaida.

Albino ni habari tofauti, maana jeni yake ni fiche. Lazima itoke kwa wazazi wote wawili ndipo ionekane. Albino kwa samaki wa kawaida asiyeibeba: watoto wote wana macho meusi, hakuna albino hata mmoja, na kila mmoja wao amebeba nakala moja. Watu wengi huishia hapo na kusema mpango umeshindikana, wakawauza watoto wote. Hao ndio waliokuwa mtaji. Wapandishe ndugu kwa ndugu utapata robo albino. Mrudishe mmoja kwa mzazi albino utapata nusu. Kwa mzao wa ndugu kwa ndugu kumbuka kwamba kati ya wale wenye macho meusi, theluthi mbili wamebeba jeni na theluthi moja hawana kitu, na kwa macho wote ni sawa.

Albino wana faida moja kubwa kwa mpiga hesabu: wanajulikana mapema kuliko rangi nyingine yoyote. Kwenye nyuzi 29, mayai huanguliwa kama saa 60 baada ya kutagwa, na vifaranga hukaa siku nyingine mbili hadi tatu wamenata kwenye koni wakitikisa mikia. Siku ya pili ya hali hiyo, washa tochi kwa ubavu wa koni na upige picha kwa simu kwa karibu kadiri iwezekanavyo. Kuza picha. Wa kawaida wana nukta mbili nyeusi kichwani, albino kichwa chao ni cheupe au cha waridi bila nukta. Hesabu hapo hapo. Hesabu ya baadaye haiaminiki, kwani albino haoni vizuri, anachelewa kumpata mzazi na anachelewa kufika kwenye artemia, wale kamba wadogo sana wa kulishia vifaranga, na ndugu zake wanamzidi. Ukikuta albino wachache kwenye wiki ya sita, jeni haina kosa. Ulishaji ndio wenye kosa. Wapunguzie mwanga, walishe kidogo kidogo mara tano hadi sita kwa siku, na ukiweza watenge na wenzao wakifika wiki ya tatu.

Na robo isichukuliwe kama mkataba. Vifaranga 60 wakitegemewa kutoa albino 15, kuwapata kati ya 8 na 22 ni kawaida kabisa. Nusu kwa nusu kwa vifaranga 40, kati ya 14 na 26 ni kawaida. Anayelea vifaranga 12 kisha akalalamika kwamba Pigeon wametoka wanne badala ya sita hana cha kulalamikia. Lakini ukitegemea sifuri ukapata mmoja, hapo simama: ama mzazi amebeba usichokijua, ama kulikuwa na dume mwingine tangini. Jozi ya kupigia hesabu itengwe peke yake.

Weusi unaweza kukosekana kwa njia zaidi ya moja. Ukipandisha samaki wawili wa ukoo tofauti, wote hawana weusi, na watoto wote wakatoka na macho meusi, maana yake kila mzazi anakosa weusi kwa jeni yake tofauti, na kila mmoja amemkamilishia mwenzake. Si udanganyifu. Ila ni hasara ya mwaka mzima kama ulishatangaza kuuza albino, kwa hiyo ni busara kuwauliza wauzaji kama koo hizo mbili zimewahi kukutanishwa.

Blue Diamond, yule wa buluu tupu asiye na mstari wala mkanda, kwa kawaida huchukuliwa kama wa jeni fiche pia. Akipandishwa na Red Turquoise, watoto wa kwanza hutoka na mistari, mara nyingi buluu ikiwa nyingi kuliko kwa mzazi mwenye mistari. Mrudishe mmoja wao kwa Blue Diamond na karibu nusu watakuwa wa buluu tupu, ingawa baadhi watabaki na mistari michache kichwani na kwenye mapezi, na hao ni vigumu kuwaweka kundi gani. Angalizo: Blue Diamond naye haonyeshi mikanda kwenye beseni. Ukimpandisha na Pigeon, kipimo cha mikanda kinapoteza maana kwa vizazi vinavyofuata, na rangi ya ngozi ndiyo itakayokuongoza: Pigeon ana njano au krimu chini, mwenzake ana kijivu cha buluu.

Baada ya hapo hesabu inaisha. Wekundu, upana wa mistari, ukubwa na wingi wa madoa ya Leopard, yaani diskasi wa madoa mekundu, vyote hivyo vinabebwa na jeni nyingi kwa pamoja. Madoa mekundu asili yake ni diskasi wa kijani wa porini, kama wale wa ziwa Tefé nchini Brazil. Leopard ukimpandisha na Turquoise, watoto wengi watakuwa na mistari iliyokatika katika na madoa machache karibu na tumbo. Usitafute robo wala nusu hapo. Chukua wale wawili au watatu wenye madoa mengi kuliko wote, uwarudishe kwa Leopard, na utegemee kufanya hivyo tena kizazi kinachofuata. Kuchanganya Leopard na Snakeskin kunasaidia, kwa sababu mchoro mwembamba wa Snakeskin unavunja mistari na kuacha nafasi ya madoa madogo madogo, ndiyo maana Leopard wengi wa mchoro mwembamba wa siku hizi wana mikanda 14.

Wekundu unadanganya zaidi ya vyote. Astazanthini (kitia rangi nyekundu) kwenye chakula, magamba ya kamba na paprika vinamfanya samaki wa wastani aonekane wa daraja la kwanza. Kabla ya kumchagua mzazi, mlishe chakula kisicho na vitia rangi kwa miezi miwili au mitatu, kisha umtazame upya. Kitakachobaki ndicho anachoweza kukirithisha. Na kifaranga wa sentimita 5 mwenye rangi zote za mtu mzima muogope. Huenda amelishwa homoni za kiume, zinazoleta rangi mapema. Rangi hiyo hufifia zikisimamishwa, na samaki huyo anaweza asizae kabisa.

Kuhusu muda, usipunguze vifaranga kwa rangi kabla ya wakati. Pigeon wanajitenga wiki ya tatu au ya nne, mikanda inahesabika wiki ya tano hadi ya saba, ubuluu wa Turquoise unaanzia kwenye mapezi na paji la uso miezi mitatu hadi mitano na haujazi mwili kabla ya mwaka, madoa mekundu huanza miezi sita na kuendelea. Kifaranga wa kahawia asiye na mvuto kwenye mwezi wa pili ndiye mara nyingi Turquoise bora wa mzao huo. Kabla ya wiki ya nane toa wenye kasoro za mwili tu: vifuniko vya mashavu vifupi, uti uliopinda, macho makubwa kupita mwili.

Hesabu yote hii inahitaji mayai yaliyorutubishwa. Maji magumu ya visima vingi vya pwani, au maji yaliyoandaliwa kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, yanafaa kumtunza diskasi mzima aliyezoeshwa, ila si kutagisha. Shusha chumvi kwa kuchanganya maji ya mashine ya RO, ile inayochuja chumvi, hadi kipimo kisizidi mikrosimensi 200, pH iwe kati ya 6 na 6.8. Na mayai yote kwenye koni yakiwa meupe ndani ya siku mbili, usiseme rangi hazipatani. Chunguza maji, kisha chunguza kama huna majike wawili, kwani wanasafisha koni pamoja na kutaga zamu kwa zamu kama jozi halali.

Kila mzao na tangi lake, na kwenye daftari: wazazi, koo zao, tarehe ya kutaga, idadi ya macho meusi na meupe kwenye koni, idadi ya Pigeon wiki ya nne, mikanda wiki ya saba, waliokufa na siku waliyokufa. Kwa mzao wa albino na samaki wa kawaida, bakiza watoto wanane wa macho meusi kwa ajili ya kizazi cha pili. Dume na jike wa diskasi hawatofautishwi kwa macho hadi wanapotaga, na ukibakiza sita nafasi ya wote kuwa wa jinsia moja ni 1 kwa 32; ukibakiza wanane inashuka hadi 1 kwa 128.